Uzito wa Uani

Machi 4

Wewe Vumbi, huna haya. Binti mzima na elimu yako yote unaninyooshea kidole mimi bibi yako niliyekulea, unaniambia, "Bibi, taa nyekundu ikiwaka cherehani isiguswe." Cherehani yangu! Ndiyo iliyokushonea sare tangu darasa la kwanza, ndiyo iliyokufikisha huko chuoni, leo imekuwa adui wa sayansi. Nimekujibu mbele ya watu, na sasa nakujibu kwenye karatasi, ili siku ukiisoma uone aibu mara ya pili.

Ninaandika kwa sababu moja tu: kalamu haipigi kelele. Taa ikiwaka sikanyagi pedeli, siburuti kiti, sitwangi, sifungi mlango, hata kutembea jikoni na viatu nimekatazwa. Nikae. Mimi, nikae! Shule niliishia darasa la tatu, lakini herufi zangu zinasimama wima, na nitaziandika mpaka taa izimike.

Na yote haya ni kosa la marehemu mume wangu. Alikuwa seremala, akachimba chumba ndani ya mwamba chini ya jiko letu ili mbao zake zisipindwe na jua. Watu wa chuo wamezunguka na vyombo vyao wakitafuta mahali ambapo ardhi haitetemeki, wakakosa mji mzima. Mjukuu wangu akasema, "Kwetu kupo." Akasema kabla ya kuniuliza. Sasa chini ya miguu yangu kuna mabomba, kuna pipa la chuma lililonyonywa hewa yote, kuna miale ya leza, na ukutani kwangu, pale ilipokuwa picha ya harusi, kuna taa nyekundu.

Machi 6

Nimemfukuza Fundi Baridi na mizani yake.

Huyu ndiye anayetunza mashine ya kupoza lile pipa. Kijana mrefu, hasalimii mpaka asalimiwe, na matope ya barabarani anayaleta mpaka chini ya meza yangu. Tangu asubuhi yeye na Vumbi wanazunguka nyumba wanapima uzito wa kila kitu kilicho karibu na chumba cha chini. Kabati. Meza. Gunia la mkaa. Cherehani nayo ikapandishwa kwenye mizani kama mbuzi wa mnada.

"Kila kitu kina mvutano wake, Bibi," Vumbi akaniambia. "Kabati linavuta, meza inavuta. Ni kidogo mno, wewe husikii, lakini chembe zetu zinasikia. Lazima tujue kila kitu kina uzito gani na kiko wapi, tukitoe kwenye hesabu."

Nikasema haya, pimeni. Wakamaliza jikoni, wakaja mlango wa uani ninapokaa kushona kwa sababu ya mwanga. Fundi Baridi akaiweka mizani miguuni pangu.

"Panda, Bibi."

"Mimi ni gunia?"

"Na wewe unavuta," akasema, hata kucheka hakucheka.

"Nilivuta zamani, na aliyevutwa nimekwisha kumzika. Ondoa takataka yako hapa!"

Akaiokota. Vumbi akajaribu, "Bibi, ni dakika moja tu," nikamkata: upande wa uani ni wangu, na nisione mizani huku tena, si leo si kesho. Akaniangalia, akasema, "Haya Bibi, yameisha." Nimeshinda.

Machi 7

Mvua ya kwanza. Taa imewaka tangu chai ya asubuhi. Nimekaa.

Machi 8

Taa. Nimekaa. Sare za watoto wa watu hazijashonwa, na shule zinafunguliwa karibu.

Machi 12

Leo nimemkamata Vumbi anakula, nikamwambia kabla hujamaliza sahani hiyo utanieleza unachofanya huko chini, kwa lugha ya watu.

Akaokota kipande cha kitambaa cha sare sakafuni. "Ukikitazama hiki kwa mbali ni kitu kimoja, laini. Ukikisogeza machoni?"

"Nyuzi."

"Basi. Huu mvutano unaotushika tusielee tukagonga dari, wataalamu wanauelewa vizuri kwa mbali, kama kitambaa laini kinachobonyea penye uzito. Na vitu vidogo kabisa wanavielewa pia, vina sheria zao, sheria za kwanta. Lakini sheria hizi mbili ukiziketisha meza moja zinagombana kama mawifi. Hakuna anayejua mvutano ukiusogeza karibu kabisa utaona nini. Profesa, mwalimu wangu wa chuoni, anasema utaona nyuzi, na ameandika hesabu zake maisha yake yote. Wengine wanasema vitanzi. Wengine wanasema punje. Wengine wanasema hakuna cha kuona. Kila mmoja hesabu zake ni safi, Bibi. Lakini hakuna aliyeona."

"Na nyinyi?"

"Sisi tunajaribu kuona. Tuna chembe mbili za kioo, vumbi ni kubwa mbele yake, tumezielesha kwenye mwanga. Kitu kidogo namna ile ukikiweka kwenye baridi na utulivu kinaweza kuwa hapa na pale kwa wakati mmoja."

"Hata babu yako alikuwa hivyo."

Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Alipojifuta, uso ulikuwa umebadilika.

"Sasa swali ni hili. Kama kiko hapa na pale, mvutano wake unatokea wapi? Hapa? Pale? Au nao uko kote kuwili? Tunaziweka chembe mbili jirani. Hazigusani, hakuna kinachopita kati yao isipokuwa mvutano. Tukikuta zimejuana, yaani hii ikifanya hivi na mwenzake anaitika, basi mvutano nao unafuata sheria za vitu vidogo. Hakuna mtu aliyewahi kulionyesha hilo."

"Na zisipojuana?"

Akaisukuma sahani. "Wakubwa wa chuo wamenipa mpaka mwisho wa mvua hizi. Nisipowaonyesha kitu watafunga chumba na kugawa vifaa. Miaka yangu yote iko kwenye pipa lile, Bibi."

Leo sikumgombeza tena.

Machi 15

Profesa alikuja. Huyu ndiye mtu! Suti safi, mvi zimechanwa, anainama kabisa. "Shikamoo, Bibi." Akaisifu chai yangu, akaniuliza hali ya magoti yangu, akaitazama cherehani akasema mkono kama wangu haupatikani siku hizi. Fundi Baridi alikuwa amesimama mlangoni kama ufagio. Nikamwambia, "Tazama, ujifunze."

Vumbi akamweleza tatizo lao jipya. Kumbe nikiburuta ndoo za maji kutoka bomba la getini mpaka jikoni, sakafu inatetemeka na kazi ya saa nzima inaharibika. Profesa akatikisa kichwa. "Mama wa umri huu haburuti ndoo. Niachieni mimi."

Hilo neno la umri nimelimeza kwa sababu ni yeye.

Machi 17

Lori limeleta tangi jeusi, kubwa kuliko chumba ninacholala. Zawadi ya Profesa. Wameliweka uani, limegusa ukuta karibu na mlango wangu, mfereji wa paa unamwaga humo humo. Nafungua bomba lake nikiwa nimesimama mlangoni, karibu nilie. Vumbi alipiga makofi kama mtoto. "Hakuna ndoo tena, Bibi! Kimya kitupu!"

Watoto wa Mama Pacha, jirani yangu, wameshaanza kulitolea macho. Nimetia kufuli kwenye bomba, ufunguo nimeuvaa shingoni.

Machi 19

Mvua. Taa. Nimekaa. Tangi linajaa, nalisikia likinguruma kwa raha.

Machi 20

Mvua. Taa. Nimekaa.

Machi 25

Wamepiga kelele huko chini! Wao, wenye kunikataza kukohoa!

Vumbi alipanda ngazi anakimbia, akanishika mikono miwili, akanishusha chini kwa mara ya kwanza. Baridi ya ajabu, na kila kitu kinang'aa kama sufuria mpya. Akanionyesha kompyuta. Kuna mstari. Ulikuwa umelala tangu walipoanza, na wiki hii umeanza kupanda, kidogo, kidogo, kama mtu anayejivuta kutoka kitandani. "Ukipanda maana yake zinajuana," akaninong'oneza, kana kwamba chembe zina masikio.

Fundi Baridi peke yake hakushangilia. Alikuwa anakuna kidevu. "Tungoje," akasema. Mtu wa nuksi.

Aprili 1

Mstari umepanda tena. Mvua haijakatika.

Profesa alipiga simu, Vumbi akaiweka wote tusikie. Sauti ya mzee ilikuwa inatetemeka. Amekwisha kuwaambia wakubwa, na wanakuja tarehe ishirini kuona kwa macho yao. "Binti yangu," akasema, "nimekusubiri tangu kabla hujazaliwa."

Vumbi alimshukuru. Lakini simu ilipokatika aliketi muda mrefu anaitazama.

"Umepata unachotaka, unanuna nini?" nikamwuliza.

"Amewaambia mapema, Bibi."

Aprili 5

Taa. Nimekaa. Vumbi hali chakula. Mifupa ya shingo imemtoka.

Aprili 9

Taa haikuwaka, nikafua mashuka yote, mapazia, na nguo za kazi za Fundi Baridi maana zilikuwa zinasimama zenyewe. Maji nimeyatumia kweli kweli. Raha.

Aprili 11

Imetokea kitu.

Tulikuwa tunakula. Vumbi alikuwa na karatasi zake pembeni ya sahani, anazisoma huku kijiko kiko hewani. Ghafla akaniuliza, "Bibi, juzi ulifanya nini?"

"Nilifua. Kwani sabuni nayo mmeikataza?"

"Ulifua vitu vingi?"

"Nyumba nzima."

Kijiko kikarudi kwenye sahani taratibu. Akainuka, akaenda mlango wa uani, akasimama anatazama nje kwenye mvua. Nikadhani anatafuta nguo kwenye kamba. Akageuka, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Mstari ulishuka juzi," akasema. "Kidogo tu. Ikanyesha tena, ukapanda."

Fundi Baridi aliyekuwa anakula karibu na dirisha akaacha kutafuna. Akamtazama Vumbi, wote wawili wakalitazama tangi. Nikawaambia semeni, mnanitia kichaa.

"Maji ni mazito, Bibi," Vumbi akasema. "Tangi likijaa lina uzito wa magari kadhaa, na liko nyuma ya ukuta huu huu. Tulihangaika na kelele mpaka tukasahau uzito. Sisi! Watu wa kupima mvutano!" Akacheka vibaya. "Huenda chembe hazijajuana kabisa. Huenda ni tangi linazivuta zote mbili."

"Huenda?"

"Huenda. Lazima tulimwage tuone. Mstari ukibaki juu, ni kweli. Ukilala..."

Akazikusanya karatasi zake.

Aprili 13

Profesa amekuja leo asubuhi, Vumbi akiwa chuoni. Hakutaka chai. Alikaa kwenye kigoda changu cha kushonea, suti na yote, magoti yamefika kifuani.

"Bibi, mjukuu wako anataka kumwaga maji kabla wageni hawajafika."

"Amenieleza."

"Sisemi asimwage. Nasema angoje wageni waondoke. Wiki moja tu. Ufunguo unao wewe."

"Na kama ni tangi?"

Akavua miwani, akaifuta na tai. Macho bila miwani yalikuwa madogo, yamechoka. "Hesabu zangu zinasema mstari utapanda. Kama si mara hii, mara nyingine. Lakini wakifunga chumba, mara nyingine haipo. Wataalamu vijana hutetemeka, Bibi, wakishika kitu kikubwa. Kazi yetu sisi wazee ni kuwashika mkono." Akasimama kwa shida. "Sina masika mengi yaliyobaki."

Huyo si yule aliyetuma lori. Nilimwona mzee mwenzangu anayeogopa kufa kabla ya kuambiwa kwamba alikuwa sahihi. Nikamwonea huruma. Nikamwonea huruma na Vumbi, na miaka yake iliyo ndani ya pipa.

Sikumwambia ndiyo. Lakini sikumwambia hapana.

Aprili 14

Vumbi ameomba ufunguo. Nimemwambia umepotea.

Nimemwambia hivyo, na kamba iko shingoni kwangu inaonekana. Akaitazama kamba. Akanitazama mimi. Fundi Baridi akasema kwa sauti ya chini, "Nina koleo la kukatia vyuma, dakika moja kufuli limeanguka." Vumbi akamshika mkono.

"Nyumba ni ya Bibi," akasema. Kisha akaniambia, "Haya Bibi, yameisha."

Ndivyo alivyoniambia siku ile ya mizani. Maneno yale yale, na adabu ile ile. Safari hii hayakunipa ushindi wowote.

Aprili 15

Mvua. Tangi limefurika, maji yanamwagika pembeni. Hakuna aliyenisemesha. Fundi Baridi amenisalimia yeye kwanza, ndipo nikajua mambo yameharibika.

Aprili 16

Taa iliwaka baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa na shati la sare mkononi, si langu, limeshonwa na yule fundi wa mtaa wa pili, mteja kaniletea nilitengeneze. Kola imepinda. Yule fundi aliiona imepinda, nina hakika aliiona, akaipiga pasi ya moto mpaka ikalala, akampa mtu akiwa anatabasamu. Lilipofuliwa mara ya kwanza kola ikasimama kama sikio la punda. Nikaanza kumtukana peke yangu, kwa kunong'ona, maana taa inawaka. Mwizi wewe. Unaficha mshono mbovu kwa pasi, unadhani shati halitafuliwa?

Nikasikia sauti chini ya sakafu. Mfuniko wa ngazi ulikuwa wazi. Vumbi alikuwa anajifunza atakayowaambia wageni.

"Waheshimiwa, mstari huu unaonyesha..."

Kimya.

"Waheshimiwa, kama mnavyoona, mstari unaonyesha..."

Kimya.

"Mstari unaonyesha..."

Hakupita hapo. Alirudia na kurudia, na kila mara sauti inazidi kuwa nyembamba, mpaka ikawa ile aliyokuwa nayo utotoni akishavunja kitu na kusimama mbele yangu mikono nyuma. Nilikuwa namchapa kwa sababu ya sauti ile. Nilimchapa mpaka ikamtoka. Na sasa mimi ndiye niliyeirudisha, kwa kipande cha chuma kilichoning'inia kifuani pangu.

Nikalitazama shati la watu. Nikaona joto linanipanda usoni, mimi ambaye sioni haya kwa mtu.

Nikasimama. Kiti kikaanguka, kianguke. Nikavaa viatu vyangu, nikatembea jikoni kishindo kwa kishindo, taa nyekundu inaniangalia, nikafika kwenye mfuniko nikapiga ukelele uliosikika mpaka kwa Mama Pacha:

"Vumbi! Panda uchukue ufunguo kabla sijabadili mawazo!"

Aprili 17

Fundi Baridi ameuchomoa mfereji wa paa kwenye tangi tangu alfajiri ili mvua isiingie tena, kisha akafungua bomba. Maji yamepita uani, yamepita getini, yameingia barabarani kama mto. Mama Pacha alikuja na ndoo, watoto wakaja na masufuria, majirani wote wakadhani Bibi amerukwa na akili. "Chukueni!" nikawaambia. "Leo ni bure, kesho nitatia kufuli." Kisha nikawafukuza wote, maana taa imewaka.

Nimekaa. Sijawahi kukaa namna hii. Cherehani iko mbele yangu, mikono iko mapajani, naisikia saa ya ukutani na maji ya mwisho yanakoroma kwenye bomba. Nilikuwa namwomba Mungu mstari ubaki juu. Naandika ukweli: niliomba. Nikakumbuka hata Mungu mtu haruhusiwi kumchagulia jibu, nikaacha.

Taa ilizimika jua likiwa limeelemea upande mmoja. Vumbi akapanda ngazi polepole. Akakaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti langu, kama zamani.

"Umelala, Bibi. Umelala kabisa."

Alilia. Nilimwacha alie, sina maneno ya kubembeleza, sikufundishwa. Nilimpigapiga mgongoni kama ninavyopigapiga kitambaa kutoa vumbi. Baada ya muda mabega yakaanza kutikisika kwa namna nyingine. Alikuwa anacheka.

"Tumepima tangi lako," akasema. "Kupitia ukuta wa mawe. Kwa chembe mbili ambazo macho hayazioni. Bibi, unajua ni wangapi duniani wangeweza kufanya hivyo kwa bahati mbaya?"

"Mngelipima siku ya kwanza msingelia leo."

Akajifuta macho. Fundi Baridi naye akatazama viatu vyake. Nikawaambia semeni.

"Upande wa uani hatukuupima," Vumbi akasema kwa upole. "Ulitukataza. Kwa hiyo tangi lilipokuja hakuna aliyekumbuka kulitia kwenye hesabu, maana upande huo wote tulikuwa tumeukisia tu. Na wewe tulikukisia."

"Mliniandika kilo ngapi?"

"Sitini."

"Sitini! Huo ni mguu mmoja!"

Fundi Baridi alicheka. Kumbe ana meno mazuri.

Aprili 18

Kazi za watu zimenirundikia. Nimeshona tangu asubuhi, taa haikuwaka, na kelele ya cherehani yangu mwenyewe imenichosha.

Aprili 20

Wamekuja. Watu watano, wamejaa jikoni kwangu kama wamekuja kuposa. Mkubwa wao ni mama mmoja wa miwani mizito, hacheki, anauliza swali moja na kungoja. Profesa alikaa kando, karibu na kabati, hakunitazama.

Vumbi akasimama. Nilikuwa nimempigia pasi blauzi yake, kola imenyooka kwa mshono wake, si kwa pasi. Akasema, "Waheshimiwa, mstari mlioambiwa umepanda, umelala. Ulikuwa ni mvutano wa tangi la maji lililo nyuma ya ukuta huu. Hatukulitia kwenye hesabu. Kosa ni langu." Sauti yake ilikuwa nene. Aliendelea mpaka mwisho na hakurudia neno.

Mmoja wao akaanza kukusanya karatasi zake. Nikajua ndiyo basi. Nikafungua kinywa niwaambie wanachostahili, lakini Profesa alinitangulia.

"Tangi nililileta mimi," akasema. Alisimama kwa kushika kabati. "Alitaka kulimwaga mapema. Nikaomba lisimwagwe mpaka mwondoke. Liandikeni na hilo."

Hakuongeza. Alikaa, akaonekana mdogo ndani ya suti. Nimemgombeza moyoni siku zote hizi, na leo nimempelekea chai bila kuulizwa. Nimemwekea kwa kishindo, lakini nimempelekea.

Mama wa miwani akaomba kuliona tangi. Akatoka kwenye matope na viatu vyake vizuri, akaligonga kwa ngumi, likalia tupu. Akarudi, akashuka chini, akakaa huko mpaka chai yake ikapoa. Alipopanda alimwambia Vumbi, "Mstari uliopanda usingenishawishi. Uliolala na ukaniambia kwa nini umelala, huo naweza kuutetea. Nakupa kiangazi kimoja, hadi mvua zijazo. Ondoa kila kisichojulikana. Kiangazi kikiisha na mstari bado umelala, tutafunga mlango huu, na tutaandika kwamba umelala."

"Na ukipanda?" Vumbi akauliza.

"Ukipanda nitakuja kugonga tangi jingine."

Basi hatujashinda chochote. Tumepewa muda wa kushindwa vizuri, au wa kuona. Nikimtazama Vumbi anavyokula leo, unafikiri kapewa dunia.

Aprili 21

Mvua imepumzika, na mimi nimechoka kuandika, kwa hiyo sikilizeni wote, nasema mara moja.

Fundi Baridi, lete kamba nene na magogo ya kuviringishia. Tangi linahamia kule getini kabla wingu jingine halijafika. Profesa anakuja saa tatu, nimempigia simu mwenyewe: aache suti nyumbani, avae viatu vya kazi, yeye ndiye atashika upande mzito. Ndoo nitaburuta taa ikiwa imezimwa, na mtu asinifundishe umri wangu. Cherehani isisogezwe hata kidogo, iko palipoandikwa. Na wewe Vumbi, acha kunichungulia hapo mlangoni kama mdaiwa. Nimevua viatu, nimekaa pale pale ninapokaa kila siku, upande wa uani. Leta mizani, nipande, uandike kinachosomeka, na ole wako ukipunguza.